Hasira Iliyofichwa: Ndoa za Milima ya Taita na Swali Lililohamia Voi

Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita Taita akielekea Taveta na nchi ya Wamasai, na katika kitabu cha safari hiyo, kilichotoka 1885, aliziandikia ndoa za milimani aya chache. Alieleza jinsi ng'ombe walivyohesabiwa. Jinsi binti, posa ikishakubaliwa, alivyokwenda kujificha kwa jamaa zake. Jinsi mchumba na rafiki zake walivyomsaka, wakamnyanyua juujuu na kumpeleka kwa mumewe huku wasichana wenzake wakiimba na kucheza. Akaongeza, kwa wepesi wa mpita njia, kwamba kijana asiye na ng'ombe wa kutosha wakati mwingine alimwoa dada yake. Dai hilo lilirudiwa na waandishi wa Ulaya, ingawa yeyote anayejua jinsi udugu unavyohesabiwa kwetu, ambako binti wa baba mdogo ni dada tu, angelitilia shaka papo hapo. Ambalo Thomson hakuliuliza ni lile ambalo msomaji wa leo huanza nalo: je, wale wawili walipatana? Mmoja akiwa mkali na mwingine mpole, mmoja msemaji na mwingine wa kununa siku tatu, ni nani aliyepima kama wataweza kukaa nyumba moja?

Ni rahisi kujibu kwamba hakuna aliyepima, kwamba ng'ombe ndio waliopima kwa niaba ya wote. Jibu hilo limezoeleka, nami naliona la haraka mno. Wadawida, Wasagalla na watu wa Kasigau walilijua vizuri tatizo la tabia mbili zisizofanana ndani ya ndoa moja. Walichotofautiana na sisi ni mahali walipoliweka. Sisi tunaliweka mbele ya arusi, tukitaka lijibiwe kabla mtu hajatia sahihi. Wao waliliweka nyuma yake, wakaliundia ibada, wakawapa watu fulani mamlaka ya kulishughulikia maadamu ndoa inaendelea. Kuhama kwa swali hilo kutoka nyuma kuja mbele kuna historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipitia Voi.

Tuanze na ardhi, kwa sababu mengi yanatoka huko. Milima ya Taita huinuka ghafla kutoka nyika kavu: Dawida, ambayo kilele chake cha Vuria hufika mita 2,208, Sagalla, unaoutazama mji wa Voi kutoka juu, na Kasigau, uliosimama peke yake upande wa kusini. Familia ilitaka iwe na mashamba ya juu penye ubaridi na mvua, na mengine ya chini penye joto, ili mwaka wa ukame usiikute mikono mitupu. Mke alikuja kulima vipande hivyo vilivyotawanyika, akisaidiana na jamaa wa pande mbili, na ilifaa pande hizo zisiwe mbali. Wanaanthropolojia Alfred na Grace Harris, waliofanya utafiti wao Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, walikuta kwamba watu walioana hasa ndani ya mtaa wao, baina ya koo zilizojuana kwa vizazi. Katika hali hiyo, kuipima tabia ya mchumba ni kazi bure. Majirani walikuwa wamekwisha kumwona akilia utotoni, akilima, akigombania maji, akimzika nyanya yake. Hakuna dodoso ambalo lingewaambia jambo wasilolijua. Na kama alikuwa mtu wa hasira, mtaa mzima ulijua pia alirithi kwa nani.

Mahari nayo haikuwa bei inayolipwa siku moja mambo yakaisha. Grace Harris aliiandikia sura nzima, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1962, na picha inayotoka humo ni ya deni refu: mifugo, pombe na zawadi zikienda kidogo kidogo kwa miaka, watoto wakiwa wamekwisha kuzaliwa, pengine na hao watoto wakikaribia kuoa. Wageni wengi waliliona jambo hilo kuwa ulegevu wa walipaji. Lakini deni lisiloisha humfanya mkwe abaki mdai, na mdai ana haki ya kuja nyumbani kwako, kukaa, kuuliza habari za binti yake, na kukasirika asiporidhika na jibu. Hasira hiyo ya mkwe haikuchukuliwa kuwa jambo dogo, na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha dini ya zamani ya Wataita.

Dini hiyo iliitwa Wutasi. Harris aliifanyia kitabu kizima, kilichotoka 1978, na jina la kitabu hicho linahusu kuitoa hasira. Kwa imani ya Wutasi, maradhi, utasa, mifugo kufa, mvua kukosekana, vingi vilitokana na hasira iliyokaa moyoni mwa mtu mwenye uhusiano na aliyepatwa na balaa: mzazi, ndugu, mkwe, mhenga aliyekwisha kufa, hata Mlungu mwenyewe. Mtu akiugua, walikwenda kwa mpiga ramli kuuliza ni moyo wa nani ulio na kinyongo. Akitajwa aliye hai, huyo hakushtakiwa kama mchawi. Mchawi ni mwovu, anayekusudia madhara. Mwenye hasira huenda alikuwa na haki kabisa ya kukasirika, na huenda hata hakujua kwamba moyo wake umemdhuru mtu. Aliombwa atase. Alichukua funda la pombe ya miwa, au maji, akalipuliza nje kwa kinywa, huku akitamka kwamba kama ana hasira basi na itoke, na kumtakia mwenziwe afya, uzazi na neema. Kitendo hicho kilirudiwa katika nyumba, katika ukoo na katika mtaa mzima, kwa ibada ndogo za asubuhi na kwa ibada kubwa za wazee. Kwa Wutasi, kuondoa hasira ndiko hasa kuabudu.

Tazama sasa hilo linaifanyia nini hoja ya tabia mbili. Katika mazungumzo ya leo, mkali ndiye tatizo na mpole ndiye tunu. Mama humwombea bintiye mume mtaratibu. Kwa mantiki ya Wutasi, anayepiga kelele akamaliza ana afadhali. Wa kuogopwa ni yule anayenyamaza na kitu moyoni. Kwa hiyo mke msemaji na mume mkimya hawakuwa jozi mbaya kwa asili yao, na wala wasemaji wawili hawakuwa jozi njema. Kila tabia ilikuwa na namna yake ya kuficha kinyongo, na kila mmoja, awe mkali au mpole, angeweza siku moja kuombwa achukue funda la maji na kupuliza. Sidai kwamba wazee wa Dawida walilieleza jambo hili kwa maneno kama haya. Ni tafsiri yangu ya mpangilio walioujenga. Lakini mpangilio ule hauna maana kama waliamini kwamba amani ya nyumba inategemea kuwapata watu wawili wa aina inayolingana. Unakuwa na maana pale tu unapodhani kwamba watu wowote wawili, wakikaa pamoja kwa muda, watakasirishana.

Ulinganisho wa karibu hauko mbali. Uko chini, Pwani. Waswahili walikuwa na elimu kamili ya kulinganisha wachumba, na ilikuwa na hesabu zake. Mwalimu wa falaki alichukua jina la mtu na jina la mama yake, akageuza herufi za Kiarabu kuwa tarakimu, akajumlisha, akatoa kumi na mbili kumi na mbili, na baki ikamwonyesha burji ya mtu huyo. Burji kumi na mbili ziligawanywa katika asili nne: moto, udongo, upepo na maji. Aliyeangukia moto na aliyeangukia maji waliambiwa kwamba nyota zao hazipatani, na posa nyingi zilivunjika hapo kabla mshenga hajatia mguu njiani. Elimu hii haijafa. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki 2011, aliipeleka kwenye magazeti na televisheni, na Afrika Mashariki nzima ikamjua. Misafara ya Pwani ilipita chini ya Taita kwenda Taveta na Kilimanjaro katika karne ya 19, na haiwezekani habari za nyota zisifike. Hata hivyo milimani hazikushika mizizi katika ndoa kama zilivyoshika Mombasa au Lamu. Sababu, naona, ni hii: mji wa bandari huoza mabinti kwa wageni, wafanyabiashara wanaokuja na pepo za msimu, na mgeni anahitaji kupimwa kwa kitu fulani. Nyota ni kipimo cha mtu usiyemjua. Mtaa wa Dawida haukuwa na watu usiowajua.

Reli ndiyo iliyowaleta. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na kufikia 1898 reli ilikuwa imeipita Voi na kufika Tsavo, ambako simba wawili waliufanya ujenzi wa daraja kuwa hadithi ya dunia nzima. Voi ilipata stesheni, karakana, maduka ya Wahindi, na kambi za vibarua wasiojuana kwa lugha wala kwa ukoo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga njia ya reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili kuwafikia Wajerumani, na njia hiyo ikaja kuiunganisha Voi na Moshi. Mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yakavuta wafanyakazi kutoka kila upande. Mwaka 1948 ikatangazwa Mbuga ya Tsavo, ambayo pande zake mbili huchukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti ya leo ya Taita Taveta, na vijana waliokosa pa kupanua mashamba wakazidi kushuka kutafuta mshahara mjini na Mombasa. Kwa miaka hamsini tu, kijana wa Mgange au Werugha huko milimani aliyekuwa hana budi kuoa jirani akajikuta ananunua sukari kando ya msichana ambaye hakuna mtu wa kwao aliyepata kumsikia.

Kanisa lilikuwa limetangulia kidogo. Joseph Alfred Wray wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, alifika Sagalla mwaka 1883, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni Bura mwaka 1892, na baadaye Mbale na Wusi zikawa vituo vya Waanglikana. Wakristo wa mwanzo waliikataa Wutasi kwa jumla, na kutasa pamoja nayo, kwa kuwa waliiona ni ibada ya mizimu. Badala yake wakapokea wazo kwamba mume na mke ni wenzi waliochaguana, wenye ahadi waliyoitamka kwa vinywa vyao mbele ya madhabahu. Kwa upande wa uhuru wa binti, hayo yalikuwa mapinduzi, na siyapunguzii heshima yake. Lakini ukiweka kiapo chote mwanzoni, unaweka na maswali yote mwanzoni. Kama kuchagua ndiko kunakoitengeneza ndoa, basi ndoa ikiharibika ulichagua vibaya. Voi ilipata hivyo vitu viwili kwa pamoja: wachumba wasiojulikana, na dini inayosema kila kitu kinategemea mchumba ni nani. Hapo swali la tabia likahamia mbele, na halijarudi.

Mtu atanipinga kwa kusema naipamba jamii iliyowanyamazisha wanawake, na pingamizi hilo lina ushahidi mzito. Mwaka 1957 Grace Harris alichapisha makala juu ya hali iliyoitwa saka. Mwanamke aliyeolewa alianza kwa kutotulia, kisha mwili ukatetemeka kuanzia mabegani, kichwa kikayumba huku na huku, fahamu zikampotea. Kilichoichochea kilikuwa mara nyingi kitu cha wanaume au cha dukani: harufu ya sigara, mlio wa motokaa, sukari, nguo, ndizi ambazo hakuwa na haki nazo. Dawa yake ilikuwa apewe anachokitamani, au afanyiwe ngoma, akivaa nguo za rangi na kofia ya kiume na kushika fimbo. Katika baadhi ya mitaa hadi nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wamewahi kupatwa. Ardhi na ng'ombe vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mshahara wa Mombasa na wa Voi ulikuwa mikononi mwa wanaume. Mke alilima, akasubiri. Mama aliweza kutasa kwa ajili ya mwanawe, lakini ibada kubwa zilikuwa za wazee wa kiume. Kwa hiyo, mpingaji atasema, huo mfumo unaousifu wa kuitoa hasira haukuisikia hasira ya nusu ya watu wake mpaka walipoanguka chini.

Nakubali karibu yote. Wutasi ilijua kuondoa kinyongo baina ya watu wenye haki zinazotambuliwa, yaani baba aliyenyimwa ng'ombe au kaka aliyedhulumiwa shamba. Haikuwa na njia nzuri ya kushughulikia kinyongo cha mtu ambaye haki yenyewe hajapewa. Ila saka inaipinga vilevile dhana ya kulinganisha tabia, tena kwa ukali zaidi. Nusu ya wake wa mtaa hawawezi kuwa wote wameolewa na wanaume wenye nyota mbaya. Hakuna mtihani wa kabla ya arusi, uwe wa falaki au wa kisasa, ambao ungeichagua jozi iliyo salama, kwa kuwa kilichowasumbua hakikuwa ndani ya jozi. Kilikuwa katika mgawanyo wa mali, uliopanuka tangu pesa za reli zilipoingia. Ndiyo maana, naona, saka ilitamani motokaa na sigara. Mwanamke yule hakuwa akisema kwamba aliolewa na mtu asiyefanana naye.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi: wakale hawakuwa na elimu ya nafsi, sisi tunayo, basi tuitumie. Carl Jung alichapisha kitabu chake cha aina za nafsi mwaka 1921. Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, Wamarekani, wakazitanua aina hizo hadi kumi na sita, na leo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta anaweza kujibu maswali kwenye simu na kuambiwa yeye ni herufi nne gani na mwenzi wake awe herufi gani. Mtazamaji wa Pwani atatabasamu: asili nne zimerudi, zikiwa zimezaana. Wanasaikolojia wenyewe wana mashaka makubwa na herufi hizo. Na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliowatazama wanandoa wa Australia, Uingereza na Ujerumani, maelfu ya jozi kwa jumla, ulikuta kwamba kufanana kwa tabia za mume na mke kulieleza sehemu ndogo mno ya kuridhika kwao. Kilichokuwa na uzito zaidi ni tabia ya kila mmoja kwa upande wake, hasa upole wake kwa wengine, bidii yake na uwezo wake wa kutuliza moyo. Mtu mwepesi wa kuchafukwa humtesa mkimya na msemaji sawasawa. Mzee wa Wutasi asingeshangazwa na matokeo hayo. Angeuliza tu ni nani anayemwita mtu huyo atase.

Swali hilo ndilo gumu zaidi kwa upande wangu, kwa sababu Voi haina jibu lake. Kutasa bila imani kwamba hasira huua kutabaki kuwa mchezo wa maji mdomoni, na sioni namna ya kuirudisha imani hiyo, wala sitaki kuona mtoto mgonjwa akicheleweshwa kwenda hospitali ya Moi pale Voi kwa sababu watu wanatafuta moyo wenye kinyongo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imezitambua ndoa za kimila na kutaka zisajiliwe, na imetaja uzinzi, ukatili, kutelekeza na ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka kuwa miongoni mwa sababu za talaka. Sheria huingia mwishoni, mambo yakiwa yameharibika. Mafunzo ya wachumba kanisani huingia mwanzoni, na kwa kawaida hukoma siku ya arusi. Katikati, ile miaka ishirini au thelathini ambayo kinyongo huota taratibu, hakuna mwenye haki ya kubisha hodi na kuuliza.

Isipokuwa mmoja. Mahari ya Taita bado mara nyingi hulipwa kwa awamu, hata pale ambapo ng'ombe wamegeuzwa kuwa shilingi zinazotumwa kwa M-Pesa. Vijana wengi wa mjini hulichukia deni hilo na wangependa walimalize lote siku moja, wapige picha, wasidaiwe tena. Naielewa hamu yao. Kudaiwa na mkwe si raha, na wako wakwe waliogeuza mahari kuwa mradi. Lakini deni ambalo halijaisha ndilo linalompa mama mkwe wa Wundanyi sababu ya kupanda matatu mwezi wa Agosti, kushuka Voi, kukaa sebuleni kwa binti yake siku mbili, na kumwuliza mkwe wake kwa adabu kwa nini siku hizi hasemi.